Kamati inataka laki mbili, mwenzangu anadaiwa kwenye simu, nami nimekwama katikati

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 26, kwetu ni Bariadi, nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Nina marafiki wawili, nitawaita Doreen na Rukia ingawa si majina yao. Hao ndio ndugu zangu hapa mjini, na sasa naona nawapoteza wote kwa mpigo.

Tulikutana hosteli za Mabibo mwaka wa kwanza wa chuo, tukapangwa chumba kimoja. Doreen ni mtoto wa Mbezi Beach, asili yao Bukoba, baba yake amestaafu benki. Angeweza kukaa kwao, ila baba yake alitaka akaishi na wenzake. Rukia katokea Wete, Pemba. Baba yake mvuvi, na wana mikarafuu michache ya urithi. Mimi baba analima pamba, mama anauza dagaa gulioni, na katika ukoo wetu hakuna aliyefika chuo kabla yangu.

Shangazi, sisi hatujawahi kugombana kwa dini wala kabila. Ramadhani tulikuwa tunafuturu wote watatu, Rukia akipika mbaazi za nazi, Doreen akileta senene wa kukaanga kutoka kwa bibi yake. Mama yangu alipopewa rufaa kutoka Bugando kuja Muhimbili, alifikia kwa kina Doreen na dereva wao ndiye aliyekuwa anampeleka kliniki. Alipolazwa, Rukia ndiye aliyelala naye wodini siku nilizokuwa na mitihani. Mama Kiswahili chake ni cha kubahatisha, basi Rukia akajifunza kumwamkia "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana. Mpaka leo mama akipiga simu huuliza kwanza "yule mtoto wa kisiwani" hajambo.

Baada ya chuo mimi na Rukia tukapanga chumba na sebule Kimara kwa shilingi 120,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita sita. Doreen alirudi kwao na sasa ana kazi nzuri kwenye kampuni ya simu. Mimi mshahara wangu ni 550,000. Nikikatwa NSSF, kodi ya mapato na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, mkononi nabaki na 394,500. Nyumbani natuma 80,000, na wadogo zangu wawili wako sekondari. Rukia amesomea ualimu wa Kiswahili na Historia, anaomba kila nafasi zikitangazwa kwenye mfumo wa ajira, bado hajapata. Anafundisha twisheni watoto wa mtaani na anauza udi na halua ya Wete ambayo binamu yake humtumia kwa boti.

Mwaka huu Doreen alivishwa pete. Mimi nikaona tusiende kwao mikono mitupu, nikaandika kwenye kikundi chetu cha watatu kwamba mimi na Rukia tutoe 70,000 kila mmoja tumnunulie saa. Rukia akajibu "sawa" na akatoa siku ileile.

Baadaye meseji zikaanza kuja kwenye simu yangu nikiwa kazini. "Mwambie RUKIA alipe deni lake leo. Wewe ni mdhamini wake." Zikaja nyingine zimemwita tapeli, zimewekwa na picha yake. Hata bosi wangu alipata, kwa sababu Rukia aliwahi kuhifadhi namba yake alipompelekea halua. Nilipombana alilia. Alikopa laki moja kwenye programu ya simu ili atoe ile 70,000 na kununua gesi. Siku saba zikapita, akakopa kwingine kulipa kule, na sasa jumla anadaiwa zaidi ya 300,000. Kodi inaisha mwezi ujao, na sehemu yake ya 360,000 hana. Nikamwambia nitafute namna ya kumlipia, akanijibu, "Mie si wa kulipiwa."

Wakati huohuo nimeingizwa kwenye kamati ya kichen pati ya Doreen. Kila mwanakamati anatakiwa atoe 200,000, sare na mshono 85,000, mwisho tarehe 20. Rukia hakuwekwa kwenye kikundi. Nilipomuuliza Doreen akasema, "Shosti, pale kutakuwa na vinywaji na muziki, Rukia hatajisikia vizuri, tusimpe shida." Shangazi yake mmoja aliyekuwa karibu akaongeza kwamba shughuli ni ya watu wanaofanana. Doreen hakumjibu, nami nilinyamaza. Rukia ameona picha za kikao kwenye stetasi ya mtu mwingine. Hajasema neno, ila siku hizi anarudi usiku na chakula anakula peke yake.

Nikikataa mchango nitaonekana sina shukrani kwa watu waliomhifadhi mama yangu. Isitoshe, mjomba wake Doreen ameahidi kuniombea nafasi ofisini kwao. Nikitoa, kodi nitaitoa wapi, na nitamtazamaje Rukia? Mama mwenyewe ananiambia ndege wa manyoya mamoja ndio huruka pamoja, nitafute wa kariba yangu. Je, ni kweli? Nichague mmoja?

Wa Kimara


Marahaba mwanangu,

Nianze na deni, kwa sababu hilo linakua kila siku mnapolala.

Leo usiku kaa na Rukia, simu yake ikiwa mezani na daftari pembeni. Aandike kila alikokopa: kiasi alichoomba, kiasi kilichoingia kweli, alichokwisha kurudisha, na wanachodai sasa. Usishangae mkikuta aliomba laki moja ikaingia pungufu. Wengi wa wakopeshaji hawa hukata ada yao mapema, kisha humpa mtu siku chache tu, na akichelewa adhabu inahesabiwa kwa siku. Ndiyo maana watu wameibatiza mikopo hii kausha damu. Kukopa kwa huyu kumlipa yule kukome leo, hata kama kesho wataita mara ishirini.

Kisha mtafute kama kila mkopeshaji ana leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima apewe leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Linganisheni majina. Mwenye leseni, Rukia amwandikie aombe kulipa kwa awamu na atunze kila risiti. Asiye na leseni, msimtumie hata senti kabla ya kupeleka suala lake Benki Kuu. Simwambii Rukia adhulumu pesa aliyoipokea. Namwambia asilipe adhabu ambazo mtu amezibuni akiwa nje ya sheria.

Na zile meseji zilizokuja kwako na kwa bosi wako, usizifute kwa hasira. Zipige picha, zionyeshe namba, tarehe na saa. Programu hizi zikisakinishwa huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu, na mwenye shida hubonyeza kukubali bila kusoma. Lakini nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Tume ya kupokea malalamiko ya aina hii. Wewe na bosi wako hamkukopa na hamkutoa namba zenu, kwa hiyo mnayo haki ya kulalamika kwa majina yenu wenyewe, hamhitaji kumsubiri Rukia. Tena wewe si mdhamini wa mtu. Mdhamini hutia saini. Namba yako kuwa kwenye simu ya rafiki yako haikufungi kwa lolote. Kamweleze bosi hivyo kwa maneno machache, kwa heshima, ili Rukia asibaki na jina la utapeli pale anapouzia halua yake.

Hapo kwenye halua nataka nikae kidogo. Binti aliyesema "mie si wa kulipiwa" hujamsikia bado. Wewe umesikia kiburi. Mimi nimesikia mtu ambaye tangu mmalize chuo amekuwa akihesabu nani katoa nini, na anajiona nyuma. Usimlipie deni. Mchukulie biashara. Ofisi za Posta zimejaa watu wanaonunua vitafunwa vya chai na udi wa kufukiza nyumbani. Beba bidhaa zake, chukua oda, pesa iingie kwenye simu yake na siyo yako. Hiyo hataikataa, kwa kuwa ni kazi yake.

Sasa nirudi kwenye ile saa.

Mwanangu, nani aliamua kwamba mtoe 70,000? Ni wewe. Ulikaa ukapima aibu ya kwenda Mbezi Beach mikono mitupu, ukapata kiasi, ukakiandika kwenye kikundi, na Rukia akajibu "sawa." Ile "sawa" ilimgharimu laki moja ya kukopa. Halafu kamati ya Doreen ikakaa, ikapima shughuli yao, ikaandika 200,000, na wewe umejibu nini? Hujaniambia, lakini naamini uliandika "sawa" vilevile. Mmefanyiana jambo lilelile, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini, na kila mmoja anadhani mwenzake anayo. Hapo ndipo urafiki wenu unapovuja. Mbaazi na senene haviwezi kupaziba.

Sikusemi ili ujilaumu. Nakuonyesha kwamba unajua kwa undani anachokipitia Rukia, na unajua pia jinsi Doreen anavyoweza kuumiza mtu bila kukusudia, maana umekaa pande zote mbili. Katika hao watatu, ni wewe tu unayeweza kueleza jambo hili kwa wote wawili wakaelewa.

Mimi nimesoma bweni enzi ambazo serikali ilikuwa inampanga binti shule popote nchini. Wa Newala alilala kitanda cha juu cha wa Biharamulo. Baadaye ikaja JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo kwa wahitimu wa kidato cha sita ilikuwa ya lazima mpaka ilipositishwa mwaka 1994, na huko nako tulivaa nguo za aina moja na kula sahani za aina moja. Watu huzisifia enzi zile kwa kutuunganisha, nami nazisifia. Ila nilichokiona ni kwamba sare na sahani vilificha kwao mtu kulivyo. Mtihani ulikuja tulipoanza kazi, mmoja akawa analipa karo za wadogo zake, mwingine ananunuliwa gari na baba. Waliobaki marafiki mpaka leo, ninaowajua mimi, ni wale waliozoea kuambiana, "Hiyo sina, nina hii." Waliokuwa wanajikaza walipotea mmoja mmoja, wakaanza kukwepa simu, na wengine tulikuja kukutana misibani tu.

Ninyi Mabibo iliwaficha vivyo hivyo. Kitanda kimoja, foleni moja ya bafu, boomu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa mnalia wote. Hata Doreen alikula nanyi wali maharage. Je, anajua kwamba ukitoka kazini mwisho wa mwezi una 394,500? Anajua kwamba 80,000 zinaenda Bariadi kabla hujanunua unga? Nina hakika hajui. Mtoto aliyekulia nyumba yenye dereva hawezi kukisia hesabu hiyo, na hakuna aliyemwambia. Yeye anaona una kazi Posta na umevaa vizuri. Laki mbili kwake ni mchango wa kawaida wa rafiki wa karibu.

Kwa hiyo mchango wa kamati, fanya hivi. Usitoe sababu ndefu na usisubiri tarehe 20. Chagua kiasi ambacho hakigusi kodi wala pesa ya nyumbani. Ukiniuliza mimi, kwa mshahara wako nisingevuka 50,000, sare ikiwa nje. Mwandikie mweka hazina faraghani: "Nitatoa 50,000, naleta taslimu tarehe fulani." Usiandike ahadi ya laki mbili ukitumaini Mungu atafungua njia. Kila aliyewahi kushika daftari la kamati anajua kwamba kinachoivuruga shughuli ni ahadi hewa, siyo mchango mdogo. Mapambo na chakula huagizwa kwa kuangalia ahadi, kisha wiki ya mwisho watu wanazima simu. Mweka hazina atakushukuru kwa hamsini iliyo mkononi.

Sare, uliza kama kuna rangi tu inayotakiwa. Mara nyingi wanaokataa kushona ni wengi kuliko wanaosema. Kama unalo gauni la rangi hiyo, vaa. Kisha jitolee kazi ambayo hawawezi kuinunua: kushika orodha ya zawadi, kupokea wageni wa kutoka Bukoba, kuamka alfajiri kwenda kuchukua maua. Wewe ni mtu wa forodha, unajua kufuatilia mzigo na karatasi. Kazi hizo zina uzito kwenye shughuli, na Doreen ataziona.

Deni la mama kuhifadhiwa kwao usilichanganye na hili. Najua linakukaba. Lakini wazazi wa Doreen hawakumfungulia mama yako mlango ili siku moja utoe mchango wa kichen pati. Ukitaka kuwashukuru, mama mwenyewe ajapo Dar aende akawaone, na kilo za mchele wa Usukuma zikiwa mkononi. Watu wazima huelewana hivyo. Na ile nafasi ya kazi kwa mjomba, peleka barua yako na vyeti kama mwombaji yeyote. Ikitoka, vizuri. Ukianza kupanga kauli zako kwa Doreen kwa kuogopa mjomba, utakuwa umeajiriwa kabla ya kuajiriwa.

Kodi nayo msiiache ikawakuta. Nenda kwa mwenye nyumba mapema, wewe na Rukia pamoja, mwombe mlipe miezi mitatu badala ya sita kwa mara hii. Mwenye nyumba aliyewazoea, ambaye hamjamsumbua kwa umeme wala maji, mara nyingi hukubali, kwa sababu kutafuta mpangaji mpya kunamgharimu dalali na chumba kukaa kitupu. Miezi mitatu ni 360,000, yaani 180,000 kwa kila mmoja, na hiyo Rukia anaweza kuifikia kwa twisheni na halua kama deni halimli tena. Akishindwa hata hiyo, kaeni mseme wazi: aje wa tatu akae sebuleni, au mhamie chumba kimoja kwa muda. Msije mkafika siku ya kodi wewe umelipa yote kimya kimya naye anapita ukutani kwa aibu ndani ya nyumba yake.

Mama yako na ndege wake wa manyoya mamoja. Ana hofu ya mzazi, anaona unarukia kimo cha watu wenye mali, anaogopa utaanguka. Msikilize kwenye hofu, usimsikilize kwenye hukumu. Huyo huyo ndiye anayemuulizia mtoto wa kisiwani kabla ya kukuuliza wewe umekula nini. Rukia hakumlalia wodini kwa kuwa wana manyoya mamoja.

Limebaki lile zito, la Doreen kumwacha Rukia nje.

Nimeudhika nalo, sitaficha. Kusema binti wa Pemba hatajisikia vizuri kwenye shughuli ya wanawake wanaomfunda bibi harusi ni kutokuijua pwani. Huko visiwani ndiko alikotoka Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kupiga ngoma za unyago na kuwafunda wari kwa miaka mingi. Somo, kungwi, singo, wanawake kujifungia wenyewe kwa wenyewe na kusemezana mambo ya ndani, yote hayo Rukia kakua anayaona. Kichen pati za mjini zimechota humo humo. Pengine katika ukumbi ule mzima, atakayejua kumpaka bibi harusi liwa sawasawa ni yeye. Na kuhusu vinywaji, kuna meza ya soda na juisi kila shughuli, na Rukia alikaa nanyi chuoni miaka mitatu akiwaona wanaokunywa. Anajua mwenyewe kuketi wapi na kuondoka saa ngapi. Uamuzi huo ulikuwa wake, na umeamuliwa bila yeye.

Lakini sidhani Doreen ni mbaya. Aliyemwachia mama yako chumba si mtu wa dharau. Nadhani amezungukwa. Bibi harusi katika miezi hii huwa mikononi mwa mashangazi, na shangazi aliyesema "watu wanaofanana" hakuwa anaongelea pombe. Alikuwa anaongelea uwezo. Doreen alipotoa sababu ya vinywaji, huenda alikuwa anatafuta sababu yenye adabu ya kufunika ile isiyo na adabu. Ninavyoona, anahitaji mtu wa upande wake atakayemwambia ukweli bila kumfedhehesha, na mtu huyo ni wewe.

Usimwandikie. Mambo haya kwenye simu huharibika, mtu anasoma kwa sauti ambayo hukuikusudia, kisha anaipiga picha na kumtumia mwingine. Mwombe mkutane wawili, mbali na kwao na mbali na kamati. Jumapili baada ya misa, au mkale chips mahali mlipokuwa mnakula zamani. Anza na hesabu zako. Mwambie mshahara wako kwa tarakimu, mwambie unachotuma nyumbani, mwambie utatoa hamsini na kwa nini. Ukiwa umeshajivua wewe kwanza, hatahisi umekuja kumshitaki.

Ndipo useme la Rukia, hivi: "Doreen, Rukia ameona picha za kikao. Ameumia. Ulisema hatajisikia vizuri, lakini hatukumuuliza. Shangazi yako alisema shughuli ni ya watu wanaofanana, nami nilinyamaza, sasa nasema: mimi na Rukia tunafanana. Kama pale pananifaa mimi, panamfaa yeye." Ukishafika hapo, nyamaza. Usimtajie deni la Rukia, hiyo ni siri ya Rukia mwenyewe, naye ataitoa siku akitaka. Na ile saa usiitaje kabisa, utamharibia zawadi kwa jambo ambalo si kosa lake.

Anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kusema mambo ya shughuli yamemzidi na atakujibu baadaye. Yote hayo yapokee. Mpe siku kadhaa.

Akikubali, mwambie jambo moja tu: mwaliko autoe yeye, kwa sauti yake, na amwambie Rukia hakuna mchango anaodaiwa. Wewe usiupeleke. Ukiupeleka wewe, Rukia atajua umembembelezea, na atakwenda kwa unyonge au hatakwenda. Akiombwa na Doreen aje ampake liwa, nadhani atakwenda, na buibui lake jipya.

Akikataa, nenda kwenye shughuli na hamsini yako, kafanye kazi uliyojitolea, mpongeze rafiki yako kwa moyo. Siku hiyo ni ya ndoa yake, siyo ya kesi. Ila kabla hujatoka nyumbani mwambie Rukia unakwenda wapi na kwamba ulimsemea. Asije akakuona tena kwenye stetasi ya mtu.

Hukuniuliza uanze na nani. Anza na Rukia, leo, kwa lile daftari. Doreen ana watu wengi wa kumshika mkono mpaka tarehe 20.

Shangazi